Mashine ya Barafu na Daftari Lake

Mada kwa wananchi wa Kata ya Mwamanyili kuhusu matunzo ya mashine za barafu za biashara



Samaki hasubiri bei. Mvuvi anaporejea alfajiri na sangara wake, mali hiyo imekwisha kuanza kupungua thamani kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Wataalamu wa samaki wana kanuni nyepesi ya kukadiria upungufu huo: samaki aliyewekwa kwenye joto la nyuzi 10 huharibika takriban mara 4 upesi zaidi ya yule aliyelazwa kwenye barafu ya nyuzi 0, na aliyeachwa kwenye nyuzi 20 huharibika mara 9. Mchana wa kawaida katika mwambao wa Ghuba ya Speke hupita nyuzi 25. Dagaa hahusiki na hesabu hii, kwa kuwa jua ndilo humhifadhi. Wanaohusika ni sangara na sato wanaosafirishwa wabichi, na wote wanaoishi kwa kuwauza.

Upo upande wa pili wa jambo hili ambao huzungumzwa zaidi mwaloni kuliko mikutanoni. Mwenye barafu ndiye mwenye sauti juu ya bei. Tangu viwanda vya minofu ya sangara viliposhamiri Mwanza katika miaka ya 1990, sehemu kubwa ya barafu inayotumika ziwani hutoka viwandani humo na hufika mialoni ndani ya boti na magari ya mawakala. Mvuvi asiye na barafu hana siku ya pili ya kusubiri mnunuzi mwingine. Humuuzia aliyeileta, kwa kiasi alichokitaja aliyeileta. Ndiyo sababu kila mara kikundi cha wavuvi au cha akina mama kinapoketi kufikiria mradi, mtu mmoja husema: tununue mashine yetu ya barafu. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria huigawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imeifanya fikra hiyo isiwe ndoto tena.

Fikra ni njema. Hata hivyo mada hii haihusu siku ya kununua, siku ambayo kwa kawaida hukosi wasemaji. Inahusu miaka inayofuata, pale mashine inapokuwa imezoeleka na hakuna anayeipiga picha.

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa, nao uko Kalokol, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana nchini Kenya. Mradi ulibuniwa mwaka 1971 kwa msaada wa Norway, na kiwanda cha kugandisha samaki kikajengwa kwa gharama inayotajwa kuwa dola za Marekani milioni 22. Kilipokamilika kilifanya kazi kwa siku chache, kisha kikafungwa. Gharama ya kuendesha mitambo ya baridi ilikuwa kubwa mno, na maji safi yaliyohitajika hayakuwapo katika eneo lile kame. Majokofu yalikuwa mapya na majengo yalikuwa imara. Kilichokosekana ni maji na uwezo wa kulipia nishati, yaani mambo mawili ambayo mwenye mashine ndogo ya nusu tani kwa siku huko Busega hukutana nayo kila asubuhi, kwa kiwango chake.

Ni vyema kueleza kwa ufupi mashine hiyo hufanya nini, kwa kuwa asiyejua kazi ya chombo hawezi kukitunza. Mashine ya barafu haizalishi baridi. Huhamisha joto. Gesi iliyofungwa ndani ya mabomba yake hubanwa na kompresa hadi inakuwa moto. Hupita kwenye kondensa, ule wavu wa mabomba wenye mapezi membamba ya bati mbele ya feni, ambako huuachia hewa joto lake na kugeuka kimiminika. Kisha hupenya tundu dogo, hupanuka, na kuwa baridi kali ndani ya ukuta wa kugandishia. Maji yanapomwagika juu ya ukuta huo hugeuka barafu, na kisu huikwangua ikaanguka vipande vyembamba. Zipo pia mashine za kutoa barafu ya vidonge, na za mabonge ambazo hugandisha maji ndani ya makopo yaliyozamishwa katika maji ya chumvi. Asili ya kazi ni moja. Joto linalopaswa kuondolewa ili kilo moja ya maji ya nyuzi 0 iwe barafu lingetosha kuyapasha maji hayohayo kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Joto hilo lote hutokea mlango mmoja tu, nao ni kondensa.

Kutokana na hilo, jambo la kwanza katika matunzo si spana wala gesi. Ni daftari.

Kila siku mwendeshaji aandike namba mbili: uniti za umeme zilizotumika kwa kusoma mita ya LUKU, na kilo za barafu zilizotoka. Mwisho wa juma agawanye. Katika nchi za joto, makadirio ya wahandisi ni kwamba tani moja ya barafu hugharimu baina ya uniti 55 na 85, kwa kutegemea aina ya mashine. Mashine ndogo huweza kuzidi hapo, na hilo si kosa. Cha msingi si kulingana na kitabu. Ni kulingana na nafsi yake ya jana. Mathalani, mashine iliyoanza kwa uniti 90 kwa tani, ikafika 100 mwezi wa tatu na 118 mwezi wa tano, inasema kwa lugha iliyo wazi kabisa kwamba kuna kitu kimeziba, kimevuja au kimechakaa. Inasema hivyo miezi kadhaa kabla haijasimama. Mwendeshaji asiye na daftari atasikia habari hiyo siku kompresa itakapoungua, na kompresa ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya mashine.

Safu ya tatu ya daftari ni ya maelezo: umeme ulikatika saa ngapi, fundi alikuja lini, alifanya nini, alilipwa kiasi gani. Watu wengi huona uandishi wa namna hii ni urasimu. Ukweli ni kwamba fundi mwema hulipenda daftari, kwa kuwa humpunguzia kazi ya kubahatisha. Asiyelipenda ana sababu zake.

Yafuatayo ni mambo ambayo mara nyingi huzipandisha namba hizo.

La kwanza ni vumbi. Mkoa wa Simiyu ni mkoa wa pamba na mifugo, na yote mawili huacha alama kwenye kondensa. Wakati wa kiangazi makundi ya ng'ombe hushuka kunywa maji ziwani na kurudi, barabara za udongo hutimka, na katika msimu wa kununua pamba nyuzi nyepesi huelea hewani hadi zinapokutana na feni inayovuta. Kwenye mwambao wako pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama nguzo ya moshi. Huvutwa na taa usiku, kisha hufia kwenye mapezi na kufanya tabaka kama la sufi. Kondensa iliyozibwa hushindwa kutoa joto, na kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi ndani yake, matumizi ya umeme hupanda kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Nyuzi 10 zikizidi, kikundi kinalipia karibu robo ya umeme kwa faida ya vumbi.

Dawa yake ni brashi laini na robo saa ya kazi. Mashine izimwe kwenye swichi kuu. Brashi ipite kwa kufuata mapezi, juu kwenda chini, kamwe isikate kwa upande, kwa kuwa mapezi hupinda kwa wepesi na pezi lililopinda halipitishi hewa. Penye pampu ya upepo, upepo utoke ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotoka. Maji ya msukumo mkali yasitumike. Wakati wa masika kazi hii ikifanywa mara moja kwa mwezi inatosha; kiangazi, kila juma. Taa ya banda ihamishwe mbali na feni. Aidha, mashine isisukumwe hadi ukutani wala isifungiwe kwenye chumba kisicho na dirisha, kwani itakuwa inavuta na kupumua hewa yake yenyewe ya moto.

La pili ni maji, na hapa panahitaji kituo kirefu.

Maji huingia katika habari hii kwa milango mitatu: joto lake, chokaa yake na uchafu wake. Kuhusu joto, tangi jeusi la plastiki likikaa juani huweza kuyafikisha maji nyuzi 35. Maji hayo yangalikuwa kivulini kwenye nyuzi 25, mashine ingepunguziwa karibu asilimia 10 ya kazi. Kivuli cha makuti au cha bati juu ya tangi ni matengenezo ya gharama ndogo kuliko yote, na ni ajabu jinsi yanavyosahaulika.

Kuhusu chokaa, maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana madini mengi. Maji ya visima vingi ni magumu. Kila mama anayechemsha maji ya kisima anaujua ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya sufuria. Ukoko huohuo hujenga juu ya ukuta wa kugandishia na ndani ya matundu ya kumwagia maji. Dalili zake huonekana kwa macho: barafu inakuwa nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine, au inang'ang'ania ukutani na kisu kinapiga kelele kikijaribu kuitoa. Wapo wanaopokea kelele hiyo kwa kukaza kisu au kugonga ukuta kwa nyundo. Mkwaruzo mmoja juu ya ukuta huo hubaki milele, na chokaa hupenda kushika penye mkwaruzo.

Chokaa huondolewa kwa asidi hafifu, na ile ya sitriki, yenye ukali wa jamii ya ndimu, huuzwa kama unga na haina madhara makubwa kwa chuma kinachofaa. Huyeyushwa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa mashine, huzungushwa kwa pampu ya mashine yenyewe hadi ukoko ulainike, kisha mfumo husuuzwa kwa maji safi mara kadhaa. Asidi kali za kusafishia vigae vya chooni zisikaribishwe. Hula mipako ya chuma na kuacha kutu ikaingia kwenye barafu. Kwa maji ya kisima kazi hii ifanywe kila baada ya miezi 3, na kwa maji laini miezi 6 huweza kutosha.

Baada ya kuondoa chokaa ndipo huja kuua vimelea kwa dawa ya klorini. Mpangilio huo una sababu, na hapa tahadhari isemwe kwa sauti: asidi na klorini visichanganywe kamwe, wala kimoja kisimwagwe juu ya mabaki ya kingine. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayobana kifua, na katika banda dogo lililofungwa huweza kuua. Asidi kwanza, kusuuza kwa maji mengi, milango wazi, kisha klorini. Kwa dawa ya maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5, kama ile ya kufulia nguo nyeupe isiyotiwa manukato, mililita 60 katika ndoo ya lita 20 hutoa kiasi cha miligramu 100 kwa lita, ambacho kinafaa kwa kuta, tangi la ndani, chumba cha barafu na mabeleshi. Lebo isomwe kwanza, kwa kuwa nguvu za dawa hutofautiana.

Mlango wa tatu ni uchafu wenyewe. Imani iliyoenea ni kwamba baridi huua. Baridi haiui, huwalaza. Vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huweza kubaki hai ndani ya barafu na kuamka inapoyeyuka. Wakati wa mlipuko mkubwa wa kipindupindu nchini Peru mwaka 1991, barafu ilitajwa miongoni mwa njia zilizosambaza ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 1997, kwa hofu ya kipindupindu, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, na mialo yote ya ziwa hili ikaonja gharama yake. Na si habari ya zamani tu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopambana na kipindupindu.

Hivyo barafu ni chakula, hata kama imekusudiwa samaki. Haiwezekani kuizuia isiingie kwenye bilauri. Mtoto atachukua kipande akinyonye njiani, muuza juisi atanunua gunia moja, na hakuna anayeweka alama ya kuonyesha ipi ni ya sangara na ipi ni ya sherehe ya harusi. Kwa mantiki hiyo, maji yanayoingia mashineni yawe yale ambayo mwendeshaji mwenyewe angempa mwanawe anywe. Maji ya ziwa yaliyotekwa ufukweni hubeba matope na ukoga wa kijani. Yakitiwa klorini yakiwa hivyo, tope huimaliza dawa kabla haijafika kwa vimelea. Yatuame kwanza, yachujwe, kisha yatiwe dawa na kuachwa nusu saa kabla ya kutumika. Chujio la mashine libadilishwe kwa ratiba, wala lisifuliwe na kurudishwa mara ya tatu na ya nne kwa kuona huruma ya fedha. Maafisa afya wa kata na wilaya wanafahamu namna ya kuchukua sampuli za maji, na kwa shughuli za samaki ipo Maabara ya Taifa ya Uthibiti Ubora wa Samaki, Nyegezi, Mwanza.

Ndani ya chumba cha barafu utaratibu ni mfupi. Beleshi la barafu lisitoke nje kufanya kazi nyingine, na lisilazwe sakafuni. Mtu asiingie na viatu vilivyokanyaga mwaloni. Soda, bia, na samaki wa rafiki visihifadhiwe humo. Mwenye kuhara asiguse kazi hiyo hadi apone, na asikatwe posho yake, maana akikatwa ataficha.

La tatu ni umeme. Hitilafu mbili huumiza zaidi. Ya kwanza ni umeme unaopungua nguvu: mota hujitahidi kufanya kazi ileile kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, na nyaya zake huchemka polepole. Ya pili ni umeme unaokatika na kurudi papo hapo. Kompresa iliyosimama ghafla ina msukumo mkubwa upande mmoja na mdogo upande mwingine, na ikilazimishwa kuanza kabla haijatulia ni sawa na kumtaka mtu anyanyue gunia akiwa amekwisha bebeshwa jingine. Kifaa cha kulinda umeme, chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika 3 hadi 5, hutatua jambo hilo chenyewe. Kwa mashine za njia tatu za umeme, kiwepo kinachozima pindi njia moja inapopotea. Bei ya vifaa hivi ni ndogo mno ukilinganisha na kompresa, na bado ndivyo vinavyokatwa kwanza kwenye bajeti ya mradi.

La nne ni gesi, na hapa ndipo vikundi vingi huliwa. Gesi ya mashine ya barafu haiishi kama petroli ya bodaboda. Imefungwa, na huzunguka miaka yote ya uhai wa mashine. Ikipungua, imevuja. Fundi anayekuja kila baada ya miezi miwili kuongeza gesi, akalipwa, akaondoka bila kutafuta tundu, anauza gesi tu. Fundi wa kweli hutafuta uvujaji kwa povu la sabuni au kwa kipimo, huziba, hutoa hewa na unyevu kwa pampu ya kufyonza, kisha hujaza kwa kupima kwenye mizani. Kikundi kina haki ya kusimama pembeni na kuangalia. Kina haki pia ya kuuliza fundi alisomea wapi. Vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya ufundi wa majokofu, na cheti hakina uzito wa kubeba.

Aina ya gesi isomwe kwenye kibandiko kabla ya kununua, hasa mashine za mtumba. Gesi iitwayo R-22, iliyotumika kwa miongo mingi, huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinaiondoa kwa hatua: uingizaji wake ulipaswa kupungua kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka 2025, na kufikia mwaka 2030 utabaki mchango mdogo sana kwa ajili ya matengenezo tu. Mashine ya R-22 inayouzwa leo kwa bei ya kutupa inatupwa kweli. Mnunuzi wake atatafuta gesi ambayo kila mwaka ni adimu na ghali zaidi. Kwa upande mwingine, baadhi ya mashine mpya hutumia R-290, ambayo ni propani, nayo hushika moto. Hiyo isifunguliwe na mtu anayevuta sigara, wala isijazwe gesi ya aina nyingine kwa sababu tu ndiyo iliyokuwapo dukani.

Yamebaki mambo ya watu na fedha. Mashine ya kikundi inayotunzwa na wote hupata usafi siku ya mgeni. Awepo mtu mmoja anayetajwa kwa jina kwenye daftari, na wa pili wa kumpokea, wote wawili wakilipwa kwa kazi hiyo. Malipo yao na akiba ya matengenezo yatolewe katika mauzo kabla faida haijagawanywa, si baada yake. Kiasi kitategemea mashine, lakini kikundi kinachoweka kando thamani ya gunia moja katika kila magunia 10 ya barafu kitakuwa na uwezo wa kununua beringi, mkanda au chujio bila kuitisha mchango. Lipo swali gumu linaloibuka hapa kila mara: mkopo unadaiwa, na fedha ya akiba iko sandukuni, kwa nini isilipe rejesho? Jibu ni kwamba mashine ndiyo inayolipa rejesho. Ikisimama mwezi mmoja kwa kukosa beringi, marejesho yote yanayofuata yanaanza kutoka mifukoni mwa wanachama, na wanawake wa kikundi ndio mara nyingi huuza mbuzi kwanza.

Ipo miezi ambayo samaki huadimika na mashine haina kazi. Kuiacha ikiwa na maji ndani ni kuikaribishia ukoga, kutu na panya, ambao hupenda kujenga karibu na kompresa iliyokuwa na joto na kutafuna nyaya. Maji yote yatolewe, chokaa isafishwe, dawa ya klorini ipitishwe na kusuuzwa, chumba cha barafu kikaushwe na mlango wake uachwe wazi kidogo. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na matundu ya nyaya yazibwe kwa wavu wa chuma. Msimu unaporudi, kondensa ipigwe brashi kabla ya kuwasha, mikanda na grisi vikaguliwe, na barafu ya saa za mwanzo yote imwagwe nje, hata kama wateja wamekwisha panga foleni na ndoo zao.